Magari 176 ya Sumurgeneng: Je, Waliouza Ardhi Walikosea Hesabu?

Februari 2021, video fupi ilizagaa Indonesia nzima: malori yaliyopakia magari mapya yakiingia kwa msururu kijiji cha Sumurgeneng, tarafa ya Jenu, wilaya ya Tuban, pwani ya kaskazini ya Java Mashariki. Kampuni ya mafuta ya serikali, Pertamina, ilikuwa imewalipa wanakijiji fidia ya mashamba yao ili ijenge kiwanda cha kusafishia mafuta kwa ubia na Rosneft ya Urusi. Mkuu wa kijiji aliwaambia waandishi wa habari kuwa magari yaliyonunuliwa yalifika 176. Baadhi ya wenye magari walikuwa hawajawahi kushika usukani.

Januari 2022 habari iligeuka. Watu wa Sumurgeneng na vijiji jirani waliandamana wakidai ajira walizoahidiwa na mradi. Mzee mmoja alisimulia kwamba alikuwa na ng'ombe sita na sasa amebaki na watatu, maana wengine amewauza apate matumizi ya nyumbani. Mitandaoni watu wakashiba kicheko: wakulima waliopewa mabilioni ya rupia, wakayatia kwenye matairi.

Kicheko hicho kinaficha zaidi ya kinachoonyesha. Magari ndiyo sehemu isiyo na maana sana katika suala hili, na ukiyaweka kando kwanza, hoja ya kuuza ina nguvu kuliko wacheshi wanavyodhani.

Bei iliyotajwa ilikuwa kati ya rupia 600,000 na 800,000 kwa mita ya mraba. Chukua mkulima mwenye robo hekta, kwa bei ya chini. Anaondoka na rupia bilioni 1.5, kama dola 107,000 kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati ule. Robo hekta hiyohiyo, tukiikadiria kwa ukarimu tani moja na nusu ya mahindi kila msimu, misimu miwili kwa mwaka, kilo moja kwa rupia 4,500, inampa milioni 13.5 kwa mwaka. Hapo hajanunua mbegu wala mbolea, hajalipa kibarua hata mmoja. Kuifikia fidia yake kwa jembe kungemchukua zaidi ya miaka 100. Na kama angeziweka pesa zote benki kwa faida ya asilimia 3, akakatwa kodi ya asilimia 20 inayotozwa kwenye amana, angepokea rupia milioni 3 kila mwezi. Kima cha chini cha mshahara wilayani Tuban mwaka 2021 kilikuwa milioni 2.5 na ushei. Mkulima mdogo wa Java hajawahi kuona mpunga wala mahindi yakimlipa hivyo.

Tena hiyo robo hekta si mfano wa kubuni ili hesabu ipendeze. Java ni kisiwa cha watu zaidi ya milioni 150, na mashamba yamegawanywa kati ya warithi kizazi baada ya kizazi hadi yamekuwa vipande. Sensa ya kilimo ya 2023 ilihesabu kaya za wakulima zipatazo milioni 16.9 nchini kote zenye chini ya nusu hekta. Baba mwenye nusu hekta na watoto wanne anajua kabisa kwamba hakuna hata mmoja kati yao atakayeishi kwa kulima. Vijana wameshaondoka kwenda viwandani Surabaya na Gresik, au ng'ambo Malaysia na Taiwan. Mtu wa namna hiyo akiuza kwa bei nono, sioni ujinga wake uko wapi. Kama ni gari, basi Toyota Innova moja ililamba kama moja ya tano ya fidia ya huyo wa robo hekta. Ni anasa, sikatai. Lakini kwa waliolipwa mabilioni kadhaa, na walikuwepo, gari halikuwa ndilo litakalowafilisi.

Lakini hesabu hiyo ina tundu. Inapima shamba kwa mavuno yanayouzwa, na shamba la kijijini halifanyi kazi hiyo moja tu. Wale ng'ombe wa mzee walikula nini? Mabua ya mahindi na majani ya mipakani. Shamba likiondoka, lishe inakuwa ya kununua, na ng'ombe aliyekuwa akiba anageuka mzigo. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwake hasa, lakini mfugaji yeyote ataelewa kwa nini mifugo huwa ya kwanza kuuzwa. Shamba pia ni ajira isiyouliza umri wala cheti. Mama wa miaka 58 anachuma pilipili asubuhi na jioni ana hela mkononi, ilhali hakuna kiwanda cha mafuta kitakachomwajiri. Kisha pesa taslimu ina tabia ambayo ardhi haina: kila ndugu anajua ipo, na kila mwaka mfumuko wa bei unaimega. Ile milioni 3 ya mwezi haitanunua baada ya miaka kumi kile inachonunua leo.

Walioumia zaidi hawakuonekana kwenye video kabisa. Ni wale wasio na ardhi, vibarua na wanaolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu. Fidia hulipwa mwenye haki ya ardhi. Mwenye shamba alipouza alipata bilioni. Aliyekuwa akimpalilia alipoteza kipato siku ileile na hakupata kitu, au pengine thamani ya mimea iliyokuwa imesimama. Hata kati ya wenye ardhi pengo lilikuwa kubwa: wengine waliripotiwa kupata makumi ya mamilioni, wachache makumi ya mabilioni. Kwa hiyo mtu akiuliza kama "kijiji" kilifaidika, swali lenyewe limekaa vibaya.

Wapo wanaosema: basi wangenunua shamba jingine. Wengi walijaribu. Lakini mamia ya watu wenye pesa wakitafuta ardhi kwa wakati mmoja katika tarafa moja, bei inapanda mbele yao. Na kwenda mbali kuna kizuizi ambacho wa mijini hawakijui: kwa kanuni ya 1961, inayotokana na sheria ya msingi ya ardhi ya 1960, mwenye shamba la kilimo anatakiwa aishi katika tarafa lilipo shamba au inayopakana nayo. Kanuni hiyo ilikusudiwa kuzuia mabwanyenye wa mjini kukusanya mashamba. Ikifuatwa barabara, inambana pia mkulima aliyehamishwa.

Kukataa nako kuna gharama yake. Kijiji cha Wadas, Java ya Kati, sehemu ya wanakijiji waligoma kutoa ardhi ichimbwe mawe ya kujengea bwawa la Bener. Februari 2022 polisi waliingia kwa wingi, wakawashikilia watu zaidi ya 60 na kuwaachia siku iliyofuata. Baadaye wengi wakapokea fidia. Uhuru wa kuamua, serikali inapotangaza kwamba mradi ni wa umma, ni mwembamba sana.

Ndiyo maana naona kosa kubwa halikufanyika kwenye yadi za magari. Sheria ya utwaaji ardhi ya 2012 inataja namna tano za fidia: pesa, ardhi mbadala, makazi mapya, hisa, au namna nyingine watakayokubaliana. Kwa kawaida watu huishia kulipwa pesa, kwa sababu pesa humaliza mazungumzo haraka. Hisa, hata kidogo, zingemfanya mkulima awe na sauti mradi unapokwama. Si ndoto kwa wanakijiji kumiliki biashara kwa pamoja: Ponggok, wilaya ya Klaten, waligeuza chemchemi yao kuwa bwawa la watalii wanaopiga picha chini ya maji, kupitia kampuni ya kijiji ambamo wakazi wenyewe wameweka fedha. Nakiri kuwa bwawa la kuogelea si kiwanda cha mafuta, na hisa za mradi usiojengwa hazimlishi mtu. Angalau mwenye nazo angekuwa na haki ya kuuliza.

Na mradi wa Tuban umekwama kweli. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji umeahirishwa tena na tena, na vikwazo dhidi ya Urusi baada ya 2022 havikusaidia. Kampuni imeshika ardhi, muuzaji ameshika pesa inayopungua thamani, na ile ahadi ya ajira haikuandikiwa tarehe. Kama mimi ndiye ningekaa na Pertamina kwa niaba ya vijiji vya Jenu, bei nisingeigusa, maana ilikuwa nzuri. Ningedai mambo mawili yaandikwe: malipo ya kila mwezi kwa kaya zisizo na ardhi hadi ajira zianze, na ruhusa ya kulima mahindi kwenye eneo lote hadi siku mashine ya kwanza ya ujenzi itakapofika.