Chiriku alipomwambia mdai "hayuko": kasuku wa kuongea tumfuge au tuache?

Nyumbani kwa bibi yangu, Majengo, Mombasa, kulikuwa na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Mjomba ndiye aliyemleta mwaka 1999, wakati huo akiendesha trela la mizigo Mombasa hadi Kampala, akamnunua huko njiani kwa mtu aliyesema katoka naye Kongo na hakuna aliyeuliza zaidi. Bibi akamwita Chiriku, manake mtu mwenye maneno mengi kwetu ndio huitwa hivo, na jina likamkaa.

Sasa bibi alikuwa akikopa leso kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipita mitaani kila Ijumaa kukusanya hela zake, na siku ambayo hana kitu anatuambia sisi watoto kwa sauti ya chini, "mwambie hayuko, mwambie hayuko." Ijumaa moja tumekaa, yule bwana kapiga hodi, kabla hata mtu hajanyanyuka Chiriku kapaza sauti kutoka nyuma ya pazia, tena sauti ya bibi mwenyewe, kavu vilevile: "Hayuko! Mwambie hayuko!" Bwana yule alicheka mpaka akakaa barazani. Bibi alitoka akalipa nusu, na tangu siku hiyo tundu likahamishiwa jikoni.

Nimeanza na hicho kisa kwa sababu kila mtu anayetaka kasuku anataka kisa kama hicho. Namuelewa. Lakini miaka yote hiyo ya kuishi na yule ndege imenifanya niwe na maoni mawili yanayogombana kichwani, na mwaka 2025 yaligombana zaidi, manake mwanzoni mwa mwaka serikali ya Kenya ilitoa msamaha wa siku 90, kwamba wenye kasuku wa kijivu nyumbani bila kibali wajitokeze kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, wala hawatashtakiwa. Kule kwetu watu wakashtuka. Kwani kasuku ana kibali? Ndio, anacho, ama anatakiwa awe nacho. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haijali kama ndege wako anajua kusema "karibu chai."

Tuanze na hili la kuongea, manake hapo ndipo kila kitu kinapotokea.

Shuleni mwalimu akikuambia "unakariri kama kasuku" amekutukana, yaani umesema usichokielewa. Hata daftari zenyewe tulizokariria zilikuwa na picha ya kasuku kwenye jalada! Lakini tukiangalia vizuri huo usemi unamuonea huyu ndege. Kuna mwanasayansi wa Marekani, Irene Pepperberg, aliyenunua kasuku wa kijivu dukani Chicago mwaka 1977 akamwita Alex, akakaa naye miaka 30 mpaka ndege alipokufa 2007. Alex alijua majina ya vitu kama 50, rangi saba, na kuhesabu mpaka sita, na ukimwekea vitu viwili ukamuuliza vinatofautiana nini, anakwambia rangi, ama umbo, na kama havitofautiani anasema hakuna. Huyo hakariri. Huyo anaangalia kwanza ndio ajibu.

Na namna alivyofundishwa ndio inaeleza kwa nini Chiriku wetu alijua "hayuko" lakini kaseti ya mashairi aliyoletewa na mjomba ikamshinda kabisa. Alex alikuwa anatazama watu wawili, mmoja anauliza, mwenzake anajibu na kupewa kile kitu, ndege naye anaona wivu anataka kuingia. Kasuku anashika neno linalofanya kazi mbele ya macho yake, lenye watu wanaohangaika, lenye joto. Ndio maana wanashika matusi upesi hivo! Mwaka 2020 kule Uingereza, bustani moja ya wanyama Lincolnshire ilibidi iwatenganishe kasuku watano wa kijivu, wameingia karibu wakati mmoja, wakafundishana kutukana na kila mmoja akitukana wenzake wanacheka. Chiriku naye tusi lake moja alilipata siku mwenye mkokoteni na dereva wa matatu walipogombana dirishani kwetu. Mara moja tu alisikia. Salamu ya adabu tulimfundisha miezi minne.

Kwa hiyo mimi sisemi Chiriku alielewa deni. Alielewa kwamba kukipigwa hodi kuna hekaheka ndani ya nyumba, na hekaheka ile ina maneno yake. Alielewa pia mlio wa funguo: bibi akizitoa tu msumarini na kuchukua buibui, ndege anasema "kwaheri" kabla ya mtu yeyote. Hapo mtu anayesema "ni sauti tu bila akili" inabidi aniambie ni akili ya aina gani anayoitafuta.

Lakini hapohapo ndipo panaponichoma. Kwani kasuku anaongea ili iweje? Msituni haigi watu. Kule wanalala makundi makubwa, mamia, wanaitana asubuhi na jioni, kila mmoja anatafuta wenzake wako wapi, na wale wanaojuana wanafanana sauti. Ukimchukua mmoja ukamtia kwenye tundu Majengo, kundi lake ni bibi na jiko la mkaa na sisi watoto, na sauti ya kundi ndio hiyo, Kiswahili. Hana hata kamba za sauti kama zetu, anatoa mlio kule chini kabisa bomba la pumzi linapogawanyika, anausukuma na ulimi mpaka utoke kama bibi. Kazi yote hiyo ni ili awe mmoja wetu. Mimi nilipolijua hili, ile "karibu" yake ikaanza kunisikika vingine.

Na ukitaka ushahidi, bibi alipolazwa hospitali wiki tatu, Chiriku alianza kujinyonyoa. Manyoya ya kifua, moja moja, mpaka ngozi ya waridi ikaonekana kama kuku wa sokoni. Tulidhani ni ugonjwa. Tukaita daktari wa mifugo, mtu mzuri wa ng'ombe na mbuzi, akatuambia ukweli kwamba mambo ya ndege yeye hayajui sana, akatoa dawa ya unga ya kuku. Bibi aliporudi ndege akaacha taratibu, lakini kifuani hayakurudi yote. Baadaye ndio nikajua kwamba kasuku kujinyonyoa ni jambo linalojulikana dunia nzima, mara nyingi ni upweke na kukosa la kufanya, saa zingine ni chakula. Na chakula chetu kilikuwa balaa bana. Alizeti asubuhi mpaka jioni, mahamri, chai ya maziwa ya sukari! Kasuku wa kijivu huwa rahisi kupungukiwa kalsiamu, yale madini ya mifupa, alizeti tupu haimtoshi, anataka mboga, matunda, na jua. Parachichi ni sumu kwake, chokoleti pia. Sufuria za kisasa zile zisizoshika chakula zikipashwa moto kupita kiasi mvuke wake unamuua ndege dakika chache tu. Na sisi tukamweka jikoni ati kwa sababu ya mdai!

Sasa upande wa pili, na huu siwezi kuupuuza hata ningetaka. Watoto wa bibi wote waliondoka, mmoja Nairobi, mmoja Muscat, mjomba barabarani. Nyumba ile ilikuwa kimya, na kitu pekee kilichomjibu bibi alfajiri akiamka kilikuwa Chiriku. Walikuwa wakibishana. Bibi anamwambia nyamaza, yeye anasema nyamaza wewe. Binamu yangu wa Muscat akipiga simu ya video alikuwa anaongea na bibi dakika tano na ndege dakika kumi, mpaka ndege akajifunza ule mlio wa simu na kila siku bibi anakimbia kupokea simu isiyolia. Watu wanaosema kasuku ni starehe ya kujionyesha hawajakaa na mzee aliye peke yake. Bibi alizeeka na akili timamu na mimi naamini yule ndege alikuwa na mkono wake, ingawa shangazi yangu ana pumu na ule unga unaotoka kwenye manyoya ya kasuku ulimtesa sana, na ipo homa ya kasuku kweli, unaivuta na vumbi la kinyesi kikavu, inashika mapafu. Kwa hiyo hata kwa binadamu si raha tupu.

Haya. Ila mizani yangu inalala upande mmoja nikifika kwenye swali ambalo mjomba hakuuliza mwaka 1999: alitoka wapi?

Kasuku wa kijivu Kenya ni wa msitu wa Kakamega, na pale wamebaki wachache mno kiasi cha kuhesabika. Wengi wa biashara wanatoka Kongo, huko Maniema na Tshopo, na wategaji wanatumia ulimbo, gundi ile ya kunatisha, pamoja na kasuku aliyefungwa mtini awe anaita wenzake. Yaani ileile tabia ya kuitana ndiyo mtego. Anaita, wenzake wanakuja kumjibu, wananata. Halafu ni masanduku, barabara, safari ya eropleni, na wengi wanakufa kabla hawajafika popote, kwa hiyo nyuma ya kila mmoja anayesema "karibu" kuna wengine ambao hawakufika. Ghana watafiti walirudi sehemu walizozijua miaka ya tisini wakakuta kati ya asilimia 90 na 99 ya kasuku hawapo. Ndio maana mataifa ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, yalipokutana Johannesburg 2016 yakamuweka kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imepigwa marufuku.

Hapa wafugaji wana hoja na ni nzuri: basi tununue wale waliozaliwa vizimbani. Afrika Kusini wanawazalisha kwa wingi na kuwauza nje na karatasi zao. Kasuku wa kizimbani hajawahi kuona ulimbo, hajatenganishwa na kundi la msituni, sasa kosa liko wapi? Nusu ya hiyo hoja naikubali. Nusu nyingine inanishinda kwa sababu mbili. Karatasi zinaweza kumgeuza ndege wa porini aonekane wa kizimbani, ukishaweka pete mguuni nani atajua, na sisi watu wa Afrika Mashariki tunajua karatasi zinavyopatikana. Halafu hata aliyezaliwa kizimbani bado ni kasuku, bado anataka kundi, hakuzaliwa akipenda kukaa peke yake.

Kuhusu ule msamaha wa siku 90, nilisikia watu wakilalamika pande zote. Wengine wanasema ni kuwazawadia wahalifu, umenunua ndege wa magendo halafu unapewa kibali. Wengine wanasema ni mtego, ukienda watamchukua. Mimi naona serikali ilifanya jambo la akili kwenye hali ambayo haina jambo zuri. Ukimnyang'anya mtu kasuku aliyekaa naye miaka 20 utampeleka wapi? Huwezi kumwachia Kakamega, hajui mwewe, hajui tunda la mwituni, anajua mahamri. Kule Kongo, kituo cha Lwiro karibu na Bukavu, wanapokea kasuku waliokamatwa kwa wategaji na kuwauguza ili warudi porini, lakini hao ni wa juzijuzi, bado pori liko ndani yao. Wa nyumbani ni wa nyumbani mpaka afe. Ninachokihofia ni kimoja tu, kibali kisigeuke kuwa bei, mtu akauza "kasuku mwenye kibali" mara tatu ya yule asiye nacho. Kibali kiwe cha ndege huyu na nyumba hii, basi.

Na neno "mpaka afe" lenyewe watu hawalipigii hesabu. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anaishi miaka 40 hata 60. Bibi alifariki 2019. Kwenye arobaini yake tulikaa kugawa, nyumba ilizungumzwa nusu saa, Chiriku alizungumzwa mpaka isha. Nairobi wana fleti na jirani mkorofi. Muscat haiwezekani, huwezi kumvusha mpaka. Shangazi mwenye pumu ndiye aliyemchukua, maskini, kwa sababu yeye peke yake alilia.

Wakati wa msamaha shangazi alinipigia, anataka kwenda kumuandikisha lakini anaogopa, tukaenda wote. Njiani akanipigia hesabu: kama ndege alikuwa na mwaka mmoja mjomba alipomleta, basi akifika 60 itakuwa 2058. Shangazi ana miaka 57. Mwanangu aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma ana 9, akafanya hesabu yake kwa vidole akasema yeye atakuwa na 42, kwa hiyo Chiriku atakuwa wake, na kwa nini nisimwandikishe kabisa yeye. Shangazi akanitazama. Nikasema nifikirie. Wiki iliyopita nilimpigia shangazi, simu ikapokelewa, na kabla hajasema chochote nikasikia sauti ya bibi yangu kutoka nyuma: "Hayuko! Mwambie hayuko!"