Kitumbua cha Watu Msikitie Mchanga

Kuna video inazunguka kwenye Status za watu wa Tanga siku hizi, na kila nikikutana nayo damu inanichemka. Ni Boomerang, yaani video inayokwenda mbele kisha kurudi nyuma, na ni tangazo la mama mmoja muuza vitumbua pale Ngamiani, mama ambaye wengi wenu mnaosoma hapa mmeshakula vitumbua vyake kabla hamjafika kazini. Upawa unainama, rojo linaingia kwenye shimo la kikaango, halafu ghafla rojo linanyanyuka na kurudi kwenye upawa. Linamiminwa, linarudi. Linamiminwa, linarudi. Kitumbua hakiivi, hakigeuzwi, hakitoki. Juu yake wamebandika maandishi ya kumeta na wimbo usiohusiana na chochote.

Mama huyo alinionyesha mwenyewe, simu kaishika kwa vidole viwili kwa sababu vingine vina unga. "Mwanangu, mbona kinarudi? Mtu akiona hivi si atasema vitumbua vyangu haviivi?" Na kalipa. Kalipa hela iliyotoka kwenye kikaango kilekile, akaambiwa ndiyo fasheni, wafanyabiashara wote wanafanya hivyo.

Nasema wazi: huku ni kumtia mama wa watu mchanga kwenye kitumbua chake, na aliyefanya hivyo kachukua na malipo juu.

Mimi video za kujirudia nazipenda. Nilizipenda tangu enzi za Vine, ile programu ya video fupi, ilipoanza mwaka 2013 na sekunde zake sita, na ilipofungwa Januari 2017 niliumia kweli. Waliokuwa hodari kule walihangaika na jambo moja tu, kuficha pale mwisho unapokutana na mwanzo. Tena jambo lenyewe si la juzi. Mwaka 1832 Joseph Plateau wa Ubelgiji alitengeneza kisahani chenye picha zilizochorwa kukizunguka na matundu membamba ukingoni. Ukikizungusha mbele ya kioo na kuchungulia kwenye matundu, zile picha zinaungana na kuwa mwendo usiokoma. Moja ya michoro yake ni ya mchezaji anayejizungusha. Angalieni alichokichagua. Mtu anayejizungusha anarudi mwenyewe pale alipoanzia. Plateau hakuwa na haja ya kumvuta kinyumenyume.

Boomerang ya Instagram ilikuja mwaka 2015 na njia ya mkato. Kamera inapiga picha nyingi za haraka, programu inazicheza kwenda mbele kisha inazicheza kurudi nyuma, basi. Mwisho unaungana na mwanzo bila mtu yeyote kuumiza kichwa. Kwa nini ikamwangusha mama yule? Kwa sababu kazi za watu zina upande mmoja wa kwenda.

Chukua kukuna nazi. Mkono unakwenda na kurudi juu ya mbuzi, unakwenda na kurudi, na mtu angeapa kwamba hapa sasa Boomerang imepata mahali pake. Tazama chini. Kwenye sinia nazi iliyokunwa inaruka na kurudi kifuuni, nyama nyeupe inajijaza upya, na yule dada anaonekana anafanya kazi isiyo na matunda. Fundi cherehani hivyohivyo. Sindano inapanda na kushuka vizuri kabisa, lakini kitambaa kinarudi kifuani kwa fundi na mshono unafumuka. Pale Deep Sea wavuvi wakiteremsha samaki, video inawarudisha samaki kwenye mashua.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitufe jiulize swali moja: katika hiki ninachokirekodi, ni kitu gani hakirudi? Nazi iliyokunwa hairudi. Mshono haurudi. Kitumbua kikishaiva hakirudi kuwa rojo. Ukishakijua kile kisichorudi, usithubutu kukirudisha, maana hicho ndicho mtu anacholipwa. Mama yule haendi sokoni kwa sababu ya kumimina. Anakula kwa sababu vitumbua vinatoka.

Haya, kuna mahali nitakubali. Glasi zikigongana harusini, sawa. Watoto wanaojirusha majini kule Raskazone wakirudishwa juu hewani, kila mtu anacheka, na wao wenyewe wanaomba warudiwe. Pembea ni pembea. Najua pia kwamba kijana mwenye simu ya bei ndogo na bando la kuhesabu hapati muda wa kukaa na programu ya kuhariri, na Boomerang inampa kitu pale pale. Ila ukishapokea hela ya mtu, mambo ya haraka haraka yameisha. Hapo unadaiwa kazi.

Na kazi yenyewe haiko mbali, kwa sababu kikaango cha vitumbua kina mzunguko wake tayari. Mama yule akishakolea asubuhi hakuna shimo linalokaa tupu. Anamimina hapa, anageuza pale, anatoa kule, anarudi alipoanzia. Wewe chagua shimo moja tu. Weka simu mahali isipotikisika. Kama huna stendi, ndoo iliyofunikwa na jiwe la kuegemeza vinatosha. Bonyeza skrini na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe, la sivyo kila upawa mweupe ukipita simu itatia giza picha nzima, kisha itaiangaza tena, na kiungo, yaani pale mwisho unapoungana na mwanzo, hakitakubali hapo. Halafu acha irekodi dakika kumi bila kuigusa. Jikoni kwa watu usimwambie mtu arudie kumimina. Mwache afanye kazi yake.

Ukikaa kuhariri unatafuta fremu mbili, yaani picha mbili kati ya zile zinazounda video. Katika ya kwanza shimo lako ni tupu, mafuta yanang'aa, upawa unakaribia. Katika ya mwisho ni shimo lilelile, kitumbua kimetoka sasa hivi, mafuta yanang'aa, upawa unakaribia. Katikati weka vipande vifupi: rojo linaingia, viputo vinapasuka juu huku ukingo unageuka kahawia, kijiti kinapita chini na kugeuza, kitumbua kinanyanyuliwa na kwenda zake kwenye sinia. Sekunde nane zinatosha. Mtu akitazama, kitumbua kimoja kimetoka na kingine kimeshaanza kumiminwa, na hawezi kukuambia ni wapi video imeanza upya.

Wanaojaribu hivi wengi wanakwama kwa majirani. Shimo lako linafanana mwanzo na mwisho, umefurahi, kumbe la kulia kwake mwanzoni lina rojo jeupe na mwishoni lina kitumbua kilichogeuzwa. Jicho la mtazamaji litakwenda huko huko. Rudi kwenye zile dakika kumi ukatafute mizunguko miwili ambayo majirani nao wako hatua ileile. Kwa mtu anayeanza kazi hutaipata. Kwa mama aliyekaanga miaka, utaipata, kwa sababu mkono wake hauna papara wala hauchelewi. Na hapa ndipo ninapoona thamani ya video hizi kuliko picha yoyote ya kupambwa: zikikatwa vizuri zinauonyesha mwendo wa mtu. Mtu wa Chumbageni ambaye hajawahi kufika Ngamiani asubuhi anaona kwamba huyu mama anajua anachokifanya.

Moshi una shida yake, kwa sababu haurudii umbo hata mara moja, na moto wa mkaa ni hivyohivyo. Dawa ipo. Kata kipande chako katikati, nusu ya pili itangulie, ya kwanza ifuate. Sasa mwisho wa video na mwanzo wake ni fremu zilizofuatana tangu ziliporekodiwa, kwa hiyo pale inapojirudia hapana mruko. Mruko umehamia katikati, na hapo unalaza kipande kimoja juu ya kingine kwa nusu sekunde huku cha juu kinafifia taratibu. Programu ya kuhariri ya CapCut inafanya hivyo kwenye simu. Kiungo kikitulia hakionekani, kama ukili ulioshonwa na fundi kwenye mkeka. Ila msifanye hivyo penye mkono wa mtu, mtaona mikono miwili hewani, mmoja unayeyuka.

Kuna jambo ambalo hata wanaojiita mabingwa hapa mjini hawalisemi. TikTok na Reels za Instagram zinairudia video zenyewe. Stori za Instagram na Status za WhatsApp hazifanyi hivyo. Ikiisha, mtu anapelekwa kwenye stori inayofuata. Kwa hiyo ule mzunguko lazima uunakili ndani ya faili lenyewe. Sekunde nane mara tatu ni 24, inaingia hata katika ule ukomo wa zamani wa sekunde 30 wa Status. Usizidishe hapo, maana anayetazama anazilipia zote kwa bando lake. Video iwe wima, pikseli 1080 kwa 1920, na usiweke kitu cha maana juu kabisa wala chini kabisa, kwa sababu jina la mwenye akaunti na sehemu ya kujibu vitakifunika.

Sauti sasa. Boomerang haina sauti, na hili ndilo lililoniuma zaidi kwa mama yule. Rojo likigusa mafuta linasema chwaaa, na sauti hiyo mtu wa pwani anaijua hata akiwa amefumba macho, anajua saa ngapi na anajua njaa yake ikoje. Wameitupa, wameweka wimbo ambao uko kwenye kila tangazo la viatu. Acheni ile sauti. Kata mzunguko kabla kidogo ya rojo kugusa mafuta, pale pametulia, ili kila mzunguko uanze na chwaaa yake. Ukisikia kitu kinatoa mlio kwenye kiungo, pandisha na shusha sauti kidogo pembeni zote mbili. Kama mteja lazima apate muziki, uwe chini ya sauti ya kikaango.

Mtu atasema vitumbua ni rahisi, vipi biashara nyingine? Tanga hii yenye baiskeli kila kona, sijaona fundi baiskeli hata mmoja aliyetengenezewa video ya gurudumu. Baiskeli ikipinduliwa juu chini na fundi anazungusha gurudumu kutafuta lilipopinda, mkono mmoja na ufunguo wa spoku, hapo umepewa mzunguko bure. Spoku zinafanana, kwa hiyo huhitaji hata duru nzima. Gurudumu likisogea kutoka spoku moja hadi inayofanana nayo, umeshafunga. Angalia tu pale pa kujazia upepo, maana ni mahali pamoja tu kwenye gurudumu zima na patakuumbua pakiruka. Paache nje ya picha. Na ukiona gurudumu linazunguka kinyume kwenye skrini, usihangaike na simu. Kamera inachukua fremu 30 kwa sekunde, na kati ya fremu moja na nyingine kila spoku imekaribia kufika mahali pa mwenzake bila kufika, basi jicho linaona imerudi nyuma. Mwambie fundi apunguze kasi.

Ruhusa ombeni kwa mdomo, kabla ya kutoa simu. Status inafutika baada ya saa 24, lakini mtu akishaihifadhi haifutiki tena, na si kila mama anataka uso wake uende asikokujua. Mikono peke yake inatosha mara nyingi, tena inapendeza.

Bei nayo tuiseme. Kazi ya namna hii inakula asubuhi moja jikoni na jioni moja ya kuhariri, na vijana wanaoifanya vizuri walipwe ipasavyo. Sitaki mtu achukue maneno yangu akaenda kumpunja fundi wa video. Nataka anayelipa apewe kitumbua kinachotoka.

Ninachokitamani mimi ni korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Barabara yote ya kwenda Muheza na Korogwe tunapita mashamba ya mkonge, na sijawahi kuona Status ya mtu ikionyesha yale majani yanavyoingia mashineni mabichi na kutoka nyuzi. Majani yanakwenda kwa mfululizo, hatua moja inafanana na inayofuata, na hakuna kinachorudi. Kama unafanya kazi shambani na bosi wako ameridhia, simama mbali na mashine, funga mwanga wa simu, rekodi dakika zako kumi, sauti usiizime. Ukishindwa kuziona fremu mbili zinazofanana niletee nitazame nawe, sitakudai kitu.