Injini Mbili, Klachi Moja

Mtajie mpenzi wa mbio za dragi, zile za kukimbizana kwenye mstari mfupi ulionyooka, magari ya injini nyingi, naye atakukimbilia na Showboat ya Tommy Ivo: injini nne za Buick V8, matairi manne yote yakifuka moshi, mwaka 1961. Picha tamu, sikatai. Ila gari lile NHRA, chama cha mbio za dragi Marekani, waliliweka kwenye maonyesho tu. Mimi ufundi nautafuta kwa yale ya injini mbili, yaliyojengwa ili yashinde.

Wazo lilikuwepo mapema. Bustle Bomb ya Lloyd Scott, yenye Oldsmobile moja na Cadillac moja, ilivuka maili 150 kwa saa huko Great Bend, Kansas, mwaka 1955. Kilicholikuza ni marufuku: tangu 1957 hadi 1963 NHRA ilikataza nitromethani (nitro), mafuta yenye nguvu kuliko petroli. Petroli ina kikomo. Ukishatanua silinda na kufunga supachaja, pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, unabaki kuongeza injini.

Njia moja ni kuzipanga ubavu kwa ubavu kama maksai kwenye nira, meno ya flaiwili moja, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, yakishika ya nyingine. Gia zinazoshikana huzunguka kinyume, kwa hiyo injini moja lazima igeuzwe. Hapa ndipo wengi hukosea. Mafundi wa boti wana dawa yake: toa cheni ya kamshafti, mhimili unaofungua valvu, weka gia mbili. Kamshafti itaendelea kuzunguka upande wake wa kawaida, pamoja na distributa na pampu ya oili, ila yenyewe ichongwe upya kwa kuwa mpangilio wa kulipua umegeuka. Ukiiacha cheni, pampu nayo inageuka, oili haipandi, beringi zinakwisha upesi. Angalia na sili ya nyuma ya krankshafti, mhimili mkuu wa injini: ile mistari iliyochongwa kurudisha oili ndani sasa huitoa nje, na jirani yake ni klachi. Pamoja na usumbufu wote huo, Jack Chrisman alishinda mashindano ya NHRA ya Winternationals ya 1961 kule Pomona, California, na Twin Bear ya Howard Cams, Chevrolet mbili ubavu kwa ubavu.

Naona njia bora ni ya Freight Train ya John Peters: Chevrolet mbili zenye supachaja, moja nyuma ya nyingine. Gari jembamba, hakuna kinachogeuzwa. Adui ni mstari. Krankshafti mbili zikipishana hata kidogo, kiungio kati yake kinakatika au beringi kuu za mwisho zinaliwa upande mmoja. Pembe ya kuunganisha nayo ina hesabu: zikilingana, silinda mbili hulipuka pamoja na kiungio hupigwa nyundo, zikipishana digrii 45, mlipuko unakuja kila digrii 45, laini zaidi.

Halafu klachi. Ni moja, inabeba nguvu za wawili. Na injini moja ikichelewa kuitikia mafuta haisaidii. Inaburutwa na mwenzake. Kwa hiyo pima ufunguzi wa koo za hewa za injini zote mbili kwa pamoja, kisha soma plagi za kila injini peke yake. Mbaya zaidi ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, kukatika, maana injini iliyo salama bado inasukuma vyuma vilivyovunjika.

Nitro iliporudi, injini moja ya Chrysler hemi ilitoa nguvu bila kero hizi. Daraja la Top Gas, la magari ya petroli, makao ya akina Freight Train, likafungwa baada ya msimu wa 1971. Showboat ilivishwa bodi ya Buick ya familia na kuitwa Wagonmaster, wakazifunika injini zenyewe.