Barua ya utume ilikuja na jina la baba tu, kazi tumefanya nyumba nzima

Watu wa nyumbani wakisikia sisi ni familia ya mmisionari huku Ujerumani wanacheka kwanza, eti mmisionari anatoka Machame anaenda Ujerumani, si walikuja wao? Ni kweli walikuja, wamisionari wa shirika la Leipzig, la hukuhuku Ujerumani, walifika Machame 1893 na sharika nyingi za Kilimanjaro zina asili yake hapo, ila siku hizi njia inapitika pande zote na mume wangu alitumwa na dayosisi yetu kuja kuhudumu sharika za vijijini huku Sachsen, mashariki ya Ujerumani. Theolojia sitaiongelea leo, ana yake mwenyewe atawaambia. Mi nataka kuongelea nyumba yetu, maana nyie mlioko nyumbani mnadhani tulipanda ndege na vyeo vyetu tukashuka navyo vilevile, baba mchungaji, mama mchungaji na watoto wa mchungaji. Haiko hivyo jamani.

Tuanze na baba. Kule ibada ya kwanza saa moja asubuhi kanisa limejaa mpaka wengine wanasikilizia spika nje, kwaya tatu nne, matangazo hayaishi, afu mnada wa mayai na ndizi na kuku, mchungaji anafika nyumbani saa nane hana sauti. Huku kapewa vijiji kadhaa, kila kijiji na kanisa lake la mawe la mamia ya miaka, Jumapili anaendesha gari kutoka hili kwenda lile na anachokuta ni wazee kumi au kumi na tano, kila mmoja na benchi lake kama wamegombana. Hawajagombana, ndo wanavyokaa. Upande huu wa nchi ulitawaliwa na wakomunisti mpaka 1989 mambo yalipogeuka, na mtoto wa kanisa alikuwa anaweza kunyimwa nafasi ya kuendelea na masomo, kwaio vizazi vimekua bila kanisa kabisa, hata leo vijana wengi wa miaka 14 hawajui kipaimara, wana sherehe yao nyingine isiyo ya dini imebaki toka enzi hizo. Sachsen ndo mkoa pekee wa Ujerumani ambao ile siku ya toba na maombi ya mwezi wa 11 bado ni siku ya mapumziko kisheria, watu hawaendi kazini, na mi nilifurahi sana niliposikia, kumbe wengi siku hiyo wanavuka kwenda mikoa ya jirani kufanya shopingi maana huko maduka yako wazi.

Kwaio kazi ya mume wangu imekuwa zaidi kuzika na kutembelea wazee, anakaa na bibi mmoja saa nzima na kikombe cha kahawa anasikia habari za paka na za vita. Mahubiri ni dakika kumi na mbili, ukizidisha wanaangalia saa. Na hayo mahubiri kabla hayajafika kanisani yanapita kwa binti yetu, yuko sekondari, Kijerumani chake kimenyooka kuliko cha sisi wawili tukijumlishwa, anakaa mezani na kalamu anamwambia baba yake hii sentensi haipo, hii wazee hawataielewa, hii toa. Kule Machame mtoto angeanzia wapi kumkata baba mchungaji mahubiri? Mwanzoni mzee alikuwa ananuna, sasa anamwita mwenyewe Ijumaa jioni.

Hilo la mahubiri nalipenda. Lililonikera ni lile la barua. Huku kila kitu ni barua, bima, kodi, shule, hospitali, na mtoto ndo msomaji wa nyumba, kwaio anajua tunadaiwa nini kabla hatujajua sisi, anaenda na mimi mama yake kwa daktari kutafsiri mambo ambayo mtoto hakutakiwa kuyasikia. Kikao cha wazazi cha mdogo wake alinitafsiria robo, zile robo tatu walizomlalamikia huyo mdogo wake akazimeza. Nilijiandikisha kozi ya lugha nikakomaa mpaka B2, ngazi ya nne kati ya sita za lugha, sababu hiyo tu, nilitaka kurudisha umama wangu, sio mambo ya vyeti.

Na huyo mdogo wake, kijana wetu, mwaka wa kwanza alipata kazi ambayo hakuiomba, kupiga ngoma. Kila usharika ulikuwa unatuita jioni ya Afrika, mimi nipike, baba aonyeshe picha za mlima, watoto wacheze ngoma. Mtoto wangu toka Moshi anapiga kinanda jamani, ngoma hajawahi kuishika! Akajifunzia huku, kwa Mjerumani mmoja aliyejifunzia Ghana. Waliotualika ni watu wema kabisa, lakini ilichukua muda mpaka wakaacha kutuona kama wageni wa maonyesho wakaanza kumpigia mume wangu simu kwamba fulani kafariki njoo.

Sasa mimi. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hapohapo mama mchungaji, na mama mchungaji mnajua maana yake, uongoze akina mama, ufundishe Sunday school mwalimu wake akiugua, upokee mkuu wa jimbo na msafara wake, kila mwenye shida agonge mlango wako saa yoyote na asikute umekunja uso, nguo yako ijadiliwe, watoto wako wakikosa ijadiliwe mara mbili. Mshahara wake hakuna, hata kwenye bajeti ya usharika hauko. Nilipofika huku nikakaa nisubiri kazi, nikakuta zote zina wenyewe na wanalipwa! Wa ofisi analipwa, wa watoto analipwa na kasomea, mpiga kinanda analipwa, mpaka anayefungua kanisa na kugonga kengele yuko kwenye malipo. Hela inatoka kwenye kodi ya kanisa, huku Sachsen ni asilimia 9 ya ile kodi ya mapato ya muumini na serikali ndo inaikusanya, na ndo maana wengine wanajitoa kanisani. Hakuna aliyeniita mama mchungaji. Nilipewa jina langu nililobatizwa nalo, basi.

Miezi ya kwanza nililia, sio siri, unajiona huna kazi duniani. Baadae nikapata kazi nyumba ya wazee, msaidizi tu, cheti changu cha ualimu hakikutambulika moja kwa moja, ila napokea mshahara kwa jina langu na siku nina zamu ya jioni mume wangu anapika. Ugali wake una madonge lakini unalika. Pale kazini kuna bibi mjane wa mchungaji, aliniambia enzi zake na wao walikuwa hivyohivyo, akiolewa na mchungaji ameolewa na usharika mzima, bure, na haikuondoka hivihivi, walisema mpaka ikabadilika. Kwaio sio utamaduni wa Kiafrika kama mnavyopenda kunijibu, na wao walikuwa nao.

Afu Wakongo na Waburundi wakatugundua. Wapo miji ya Leipzig na Dresden, wengine bado wanangoja karatasi, wakasikia kuna mchungaji wa Kiswahili, simu zikaanza. Mwenye barua ya uhamiaji, mama kajifungua hana ndugu, mume na mke hawaongei. Nikajikuta tena mama mchungaji mlango wazi, ila safari hii nina kazi yangu, naweza kusema leo nina zamu njoo kesho. Kuweza kusema kesho, aisee, nyumbani sikuwahi.

Ninavyovikumbuka vya kwenu ni vingi, msije mkasema nimenogewa. Mtu akifiwa huku anazikwa na watu saba na wanaondoka, jumuiya ya nyumba kwa nyumba hawana. Mnada wa yai moja unaopandishwa mpaka elfu ishirini mtu akamzawadie bibi, siwezi kuwaeleza hawa wakaelewa.

Ila kwenye hili la familia mi naona dayosisi zetu zinakosea. Historia ya Machame tunakaririshwa Müller na Althaus, wale wamisionari wa kwanza, ila wake wa wamisionari waliofundisha wasichana kushona na kufunga vidonda barazani nani anawataja? Na sisi tumerithi palepale. Kikao cha kutuaga kilikuwa cha baba, semina ya maandalizi ya baba, mkataba wa baba, mimi niliandikwa mtegemezi. Mume wangu ananiambia usharika unaoishi kwa mayai utalipaje watu wawili, na hapo ana haki. Lakini kuniuliza kabla kama nataka kwenda kunagharimu shilingi ngapi? Kutupeleka wote wawili kozi ya lugha pale pale Moshi kabla ya kuondoka, kutuma vyeti vya mama vikaguliwe mapema, kuwaambia watoto shule itakuwaje, hayo ni ya bei rahisi. Mkataba wake unaisha mwakani na wameshaanza kuulizia kama ataongeza. Nimemwambia awajibu kwamba barua ijayo iandikwe kwetu wote wawili, na wasipoandika hivyo mi zamu zangu ninazo.