Msiba wa Ally

Nina miaka 44, kipara, na kitambi cha kutosha kuegesha kikombe. Mtu wa namna hiyo hatakiwi kulia ndani ya daladala ya Gongo la Mboto saa moja asubuhi.

Chanzo ni The Catcher in the Rye, riwaya ya J. D. Salinger ya mwaka 1951. Niliipata kwa buku tatu kwa wale vijana wanaotandaza vitabu vya mitumba chini. Anayesimulia ni Holden, kijana wa Kimarekani aliyefukuzwa shule akiwa na miaka 16 kwa kufeli masomo manne kati ya matano, na machoni pake karibu kila mtu ni mnafiki. Sura nne za mwanzo nilizisoma kama mzazi. Nilitamani kumzaba kibao nimrudishe darasani mwenyewe.

Tukakwama kwenye foleni ya Banana, nikaingia sura ya tano. Mwenzake wa bwenini kamwomba amwandikie insha, naye akaandika kuhusu glavu ya besiboli ya mdogo wake, Allie. Dogo alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na glavu yote, vidoleni hadi kiganjani, aliijaza mashairi kwa wino wa kijani, ili awe na cha kusoma uwanjani wakati hakuna mtu wa kupiga mpira. Halafu Holden anakwambia, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba huyo mdogo wake alishakufa. Usiku ule yeye, miaka 13, alilala gereji akavunja vioo vyote kwa ngumi.

Ule wino wa kijani ndio ulionimaliza. Chozi la kwanza nililificha kwa kujifanya napiga chafya. La pili likaja na kamasi.

"Pole, baba," akasema mama wa siti ya pembeni, ndoo ya maandazi mapajani. "Kuna nini?"

Ningesema mafua, yangeisha. Nikasema, "Allie amefariki."

"Ally! Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mtu mzima?"

"Miaka kumi na moja."

Dereva akazima muziki.

"Alikuwa anaumwa?"

"Saratani ya damu."

"Alilazwa Ocean Road?"

"Hapana, mama. Marekani."

"Marekani!" sauti ikatoka siti za nyuma. "Kusafirisha mwili kutoka huko si mchezo, jamani."

Nilipaswa kukiri palepale. Lakini mwanaume anayelia msiba anaheshimiwa. Anayelia kitabu sijui anaitwaje. Nikanyamaza, na kofia ya mtu ikaanza kuzunguka.

"Ana ndugu?" mama akauliza.

"Kaka yake. Kavunja vioo kwa ngumi, mkono umevunjika."

"Masikini, mtoto wa watu!" Naye sasa anajifuta kwa ncha ya kanga.

Mzee mwenye barghashia akageuka. "Kafariki lini?"

"Julai."

"Hii tuliyotoka?"

"Ya mwaka 1946."

Konda ndiye aliyepata hesabu wa kwanza. "Oya, mzee, nauli."

Mama akakichukua kitabu mapajani mwangu, akakigeuza mbele na nyuma. "Hadithi?"

"Hadithi, mama."

Kofia ikarudi ilikotoka, kila mmoja akitambua noti yake, na kukazuka ugomvi mkali wa jero moja iliyodaiwa na watu wawili. Mdogo wangu wa damu, ambaye yuko hai na ananidai laki mbili, hajawahi kuchangiwa haraka namna ile. Nilikuwa naenda Kariakoo, lakini nikashuka Tazara.

Gari likaanza kuondoka. Mama akatoa kichwa dirishani.

"We baba! Huyo kaka mtu, mkono ulipona?"

"Sio sana! Mvua ikinyesha unamuuma!"

"Mwambie aukande na maji ya moto ya chumvi!"