Kioo juu ya bastola: pambo au miwani?

"Mzee, hiyo bastola umeifunga kamera?"

Aliyeniuliza hivyo ni mwenzangu tunayekutana Kirigiti, kule Kiambu, Jumamosi za mazoezi. Waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu kweli kile kioo kinachokaa juu ya chuma kinafanana na kamera ndogo. Lakini kicheko hicho kilibeba hoja, na hoja yenyewe naisikia kila mahali wenye leseni za silaha wanapokutana Nairobi: bastola ni silaha ya karibu, vichuma vyake viwili vya kulengea vimetosha zaidi ya miaka mia moja, na anayefunga kioo juu yake ama anajipamba, ama ameiga sinema, ama hajui kulenga na anataka kununua kitu alichopaswa kujifunza.

Nusu ya hoja hiyo ni ya kweli, na nitaikubali bila kunung'unika. Nusu ya pili inasemwa na watu ambao macho yao bado hayajawasaliti.

Kwanza, watu huchanganya vitu viwili. Kuna darubini yenyewe, lile bomba refu lenye lenzi zinazokuza, na kuna kioo kidogo kinachoonyesha nukta nyekundu bila kukuza chochote. Darubini nitaimaliza haraka, maana huku kwetu haina kazi. Ilipendwa na wawindaji wa Marekani waliobeba bastola kubwa kama Thompson/Center Contender, iliyoingia sokoni mwaka 1967, na wapiga shabaha wanaoshindana kuangusha sanamu za chuma za kuku, nguruwe, bata mzinga na kondoo, zilizosimamishwa mita 50, 100, 150 na 200. Kwa mita 200 kondoo wa chuma ni kama nzi ukutani, basi darubini ina maana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hatuna nguruwe wa kumfuata na bastola, wa nyama wala wa chuma. Tena darubini hutoza gharama zake: ikikuza mara nne, inakuza pia mtikisiko wa mkono mara nne, inakuonyesha kipande kidogo tu cha dunia, na ukiusogeza mkono kidogo kutoka pale unapotakiwa kuwa, picha yote inageuka giza. Mtu anayeifunga kwenye bastola ya kutembea nayo mjini anastahili kuchekwa, na mimi nitakuwa mstari wa mbele.

Kioo cha nukta ni habari nyingine. Ndani yake mna taa ndogo inayorusha mwanga kwenye lenzi, lenzi inaurudisha mwanga huo jichoni, na jinsi ilivyopinda hufanya nukta ionekane kana kwamba iko mbali, kule kule kilipo kitu unachokilenga. Basi. Hakuna uchawi zaidi ya huo.

Sasa chukua kadi yako ya benki. Unene wake ni milimita 0.76. Kwenye bastola ya kawaida, kutoka mwanya wa nyuma hadi kichuma cha mbele ni kama milimita 160. Ukivipanga vichuma hivyo vibaya kwa unene wa kadi tu, kinachofuata ni hesabu ya pembetatu ya shule ya msingi: kwa mita 7 risasi inatua zaidi ya sentimita 3 kando ya ulipotaka, na hilo linavumilika. Kwa mita 25 kosa limefika karibu sentimita 12. Hiyo ni CD nzima, zile tulizokuwa tukinunua River Road, kutoka ukingo hadi ukingo. Na mita 25 si mbali: ni mabasi mawili makubwa yaliyoegeshwa yakifuatana, ni mwendo wa kutoka lango la maegesho hadi kwenye lifti. Kwenye AK-47 nafasi kati ya vichuma ni milimita 378, ndiyo maana kosa lile lile la kadi linapungua kwa zaidi ya nusu. Udhaifu wa bastola si risasi yake, ni ufupi wake. Nimeirudia hesabu hii hata nyuma ya risiti za supamaketi, nikitumaini nimekosea mahali. Sijakosea.

Nukta inaliondoa kosa hilo kwa sababu hakuna vichuma viwili vya kupanga. Ilipo nukta ndipo risasi itakapofika, hata ikionekana pembeni mwa kioo, mradi kioo kimerekebishwa na mkono haukwenda kando wakati wa kuvuta triga. Kuvuta triga vibaya kutabaki kuwa dhambi yako mwenyewe. Kwa hilo wanaocheka wana haki.

Lakini hata hesabu ya kadi inadhania kwamba unaviona vichuma. Jicho haliwezi kuona wazi vitu vitatu vilivyo masafa matatu kwa wakati mmoja, na kulenga kwa vichuma kunataka hivyo hasa: mwanya wa nyuma, kichuma cha mbele, na shabaha. Mwalimu hukwambia utazame kichuma cha mbele na vingine uviache viwe ukungu. Ni ushauri mzuri kwa mwenye miaka ishirini na tano. Kuanzia miaka arobaini na kitu lenzi ya jicho inakakamaa, na ndipo unapomwona mtu akiisogeza simu mbali ili asome ujumbe wa M-Pesa. Kichuma cha mbele kiko urefu wa mkono tu. Ukivaa miwani ya kusomea unakiona kichuma, shabaha inayeyuka. Ukiivua, shabaha inarudi na kichuma kinakuwa kivuli chenye manyoya. Wengi ninaokutana nao uwanjani wamepita umri huo, na wengi wao hawatakiri. Wanasema bastola imeharibika.

Kwa mtu kama huyo nukta ni miwani. Hatumcheki mzee anayesoma gazeti kwa miwani tukimwambia ajifunze kusoma.

Kuna jambo lingine linalonikera zaidi katika mjadala huu: kila mtu anazungumzia kupiga. Swali zito la Nairobi ni kuona. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, raia wenye leseni waliingia ndani kuokoa watu wakiwa na nguo zao za nyumbani, pamoja na askari kanzu ambao nao hawakuwa na sare. Kila aliyeshika bastola mle ndani angeweza kudhaniwa kuwa gaidi na mwenzake. Tarehe 15 Januari 2019, hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa, hali ilikuwa hiyo hiyo: watu waliokuwa wakitoroka, askari, na raia wenye silaha, wote katika eneo moja. Sasa mfikirie mtu katika hali hiyo akifuata mafunzo yake sawasawa: anatazama kichuma cha mbele, na binadamu aliye mbele ya mtutu ni ukungu. Kilicho mkononi mwa yule mtu ni simu au ni kisu? Mikono imeinuliwa au haijainuliwa? Nyuma yake kuna mlango au kuna mtoto?

Anayetumia nukta hutazama mtu, macho yote mawili yakiwa wazi, na nukta inakuja kukaa juu ya kile anachokitazama. Akiona ni simu, anaona mapema. Risasi ambayo haikutoka kwa sababu mtu aliona vizuri haimo katika takwimu yoyote, lakini mimi ndiyo ninayoijali kuliko zote.

Mwenzangu wa kamera alinijibu, na jibu lake ni zuri: mtu akiogopa hakitazami kichuma hata kidogo, anamtazama anayemtisha. Na kwa mita tatu, dirishani mwa gari kwenye foleni, hakuna muda wa kulenga kwa chochote. Ni kweli. Kwa mita tatu nukta haina faida ya kujivunia. Faida yake inaanza pale umbali unapoongezeka na watu wanapokuwa wengi, yaani pale hasa ambapo mwenye busara angetamani asifyatue kabisa.

Alinitajia pia Olimpiki. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kupiga shabaha, haziruhusu vioo kwenye bastola. Kwa mita 10, duara la pointi kumi lina kipenyo cha milimita 11.5, na watu hulipata mara kwa mara kwa vichuma vitupu. Sawa. Ila wana dakika 75 kwa risasi 60, dakika moja na robo kwa kila risasi, karatasi haisogei na taa zinawaka vizuri. Hakuna jambazi anayekupa dakika moja na robo. Pale ambapo saa inakimbizana na mpigaji, mambo yaliamuliwa zamani: mwaka 1990, Adelaide, Doug Koenig alitwaa ubingwa wa dunia wa IPSC, mashindano ya kupiga shabaha kwa kasi, akitumia kioo cha nukta. Na jeshi la Marekani lilipochagua bastola mpya mwaka 2017, ile ya SIG Sauer inayoitwa M17, lilichukua iliyotayarishwa kupokea kioo.

Sasa upande wa pili, maana upo na si mdogo. Bastola ya raia hapa kwetu haionyeshwi. Inakaa chini ya shati au koti siku nzima. Kioo kinaongeza nundu juu ya nundu. Kinakusanya jasho, nyuzi za shati na lile vumbi la Nairobi la mwezi wa Februari. Tone moja la mvua likitua pale taa inapotokea, nukta inatawanyika au inapotea. Betri huisha, mimi hubadilisha kila Januari iwe imeisha au haijaisha, na vichuma vyangu bado vipo chini ya kioo, virefu vya kutosha kuonekana kupitia humo. Asiyebakiza vichuma anacheza kamari.

Bei nayo. Kioo cha kuaminika kinaweza kukaribia bei ya bastola yenyewe, na cha rahisi hakistahimili teke. Watu husahau kwamba kioo kimekaa juu ya kile chuma kinachorudi nyuma kwa kishindo kila risasi inapotoka. Ni kama kufunga saa ya mkononi kwenye nyundo. Fundi wangu wa kwanza alikaza skrubu bila gundi ya kuzizuia zisilegee. Risasi ya thelathini hivi, kioo kikaanza kucheza, nami nusu saa nzima nikawa nalaumu mkono wangu.

Ugumu mkubwa kuliko yote, lakini, ni kuipata nukta. Aliyezoea vichuma miaka kumi akiinua bastola yenye kioo huona dirisha tupu. Anaanza kuitingisha kama mtu anayetafuta mtandao. Sababu ni kwamba mkono wake haukuwahi kuja sawasawa. Vichuma vilikuwa vinampa dokezo la kurekebisha njiani, kioo hakimpi. Dawa ni mazoezi ya bastola tupu nyumbani, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine, mara mia, mara mia tano, hadi mkono ujue wenyewe. Asiye na nia ya kufanya hivyo asinunue. Huyo vichuma vinamtosha, na namwambia hivyo bila dharau.

Na yule anayesema kioo "kinatetemesha mkono"? Hapa sikubaliani hata kidogo. Kioo cha nukta hakikuzi kitu. Mkono ulikuwa unatikisika hivyo hivyo tangu mwanzo, ila vichuma vilikuwa vinakuficha. Ukiiona nukta inazunguka kwenye shabaha unapata hofu, unasubiri ipite katikati, kisha unaikwapua triga, na hapo ndipo risasi inapokwenda chini kushoto. Acha nukta izunguke. Ikizungukia ndani ya duara unalolitaka, vuta taratibu tu.

Nilimpa mwenzangu bastola yangu siku ile, baada ya kuitoa risasi zote na kumwonyesha kwamba chumba cha risasi ndani yake ni kitupu. Akaiinua, akaitingisha, akaitafuta nukta, akaipata. Kisha akakunja uso. "Mzee, hii wamekuuzia feki. Nukta gani hii ina mkia kama kimondo?"

Nikamwambia aishushe. Tukaiweka juu ya meza, mtutu ukielekea kwenye kingo za udongo, nikachukua simu yake na kupiga picha kupitia kile kioo. Picha ikatoka: nukta ndogo, nyekundu, duara kabisa, haina mkia.

Akaitazama picha. Akainama, akachungulia kioo tena kwa jicho la kulia, kisha la kushoto. Halafu akaniuliza, kwa sauti ambayo wenzake hawakuisikia, kama namjua daktari wa macho asiye ghali sana.