Hekta 240 si ekari 240

Anayesema Dodoma kuna ardhi imelala tu, aje wilaya yetu ya Chamwino Februari, asije Agosti. Agosti atakuta vumbi, mibuyu na mabua ya uwele yaliyokwisha kuliwa na ng'ombe, kisha aandike "pori" kwenye ripoti. Februari papo hapo pana mtama, karanga, na kina mama wanachuma mlenda wa kukausha. Mvua yetu ni moja, Desemba hadi Aprili. Lakini wataalamu wa Land Cruiser hupenda kuja barabara ikiwa kavu.

Hilo tuliache. Kinachochefua ni wanakijiji kuambiwa mwekezaji kutoka nje anakodi tu, mkataba ukiisha shamba litarudi. Halirudi! Kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ndicho kinachotumika kuihawilisha (kuihamisha) ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, yaani iliyo chini ya Kamishna wa Ardhi na si ya kijiji, ndipo mwekezaji apewe. Ikishahawilishwa, halmashauri ya kijiji haina kauli tena. Miaka 99 iishe, au kampuni ifilisike msimu wa pili, ardhi inabaki ya jumla. Mjukuu atakayekwenda kuidai ataonyeshwa Gazeti la Serikali lililotangaza uhawilishaji.

Na nani anaamua? Chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ukikataa, imekwisha. Zaidi ya hapo, uamuzi ni wa waziri wa ardhi. Hata hivyo Kamishna wa Ardhi au mwakilishi wake anawajibika kuja kueleza sababu na kujibu maswali, na fidia (kiasi, namna na muda wa kulipwa) ikubaliwe kabla ya kuhawilisha. "Mtalipwa bajeti ikipita" si tarehe, jamani.

Haya, mwekezaji huleta kisima na soko la alizeti, sikatai. Ila kilimo cha mkataba, mkulima alime kwake na kampuni inunue mazao, hakihitaji kuhawilisha hata robo ekari.

Sasa vipimo. Sisi tunapima kwa hatua, sabini kwa sabini, ekari moja. Mtendaji wa kijiji akisoma "mia mbili arobaini" akameza neno hekta, watu wananyoosha mikono wakidhani ni ekari. Hekta 240 ni karibu ekari 593. Kwa kaya zenye ekari tano tano, hizo ni kaya 118. Muhtasari wa mkutano uandikwe vipimo vyote viwili, mpaka wa shamba utembelewe kwa miguu, korongo na mibuyu itajwe. Na karatasi ya mahudhurio ikianza kuzungushwa kabla ajenda haijasomwa, usiisaini, sahihi yako isije ikageuzwa ridhaa.